Uzi: Kuuza vikapu vya ukili mtandaoni. Faida inapotelea kwenye hewa, unyevu na rangi

Ukili_na_Shazia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za kuuza mtandaoni humu zimejaa, na karibu zote zinaanza na kufungua ukurasa wa Instagram. Kufungua ukurasa ni kazi ya dakika kumi. Huu ni wa bidhaa moja tu, kikapu cha ukili, yaani mkanda wa majani uliosukwa kisha ukashonwa kwa kuzungushwa, maana kila kazi ya mikono ina ugonjwa wake, na ushauri wa jumla hautibu kitu.

Kikapu kina magonjwa matatu. Kwanza, ni hewa tupu iliyozungushiwa majani, na msafirishaji anakulipisha hiyo hewa. Pili, ni majani, kwa hiyo kinanywa unyevu. Tatu, huwezi kusuka cha pili kikafanana kabisa na cha kwanza. Mteja wa dukani anashika, ananusa na kuchagua. Wa mtandaoni ameshachagua picha, na anachokingoja ni kile kile cha kwenye picha.

Naanza na hili la tatu, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Usiuze "vikapu", uza ukubwa uliopewa jina. Mfano nitakaoutumia uzi mzima ni huu: kitako sentimita 28, mdomo sentimita 38, kimo sentimita 30, ukili wa upana wa sentimita 2.5. Mpe msusi vipimo hivyo kwenye kijiti chenye alama, si kwa maneno. Neno "kikubwa kiasi" kila mtu ana lake.

Hesabu ya ukili: ubavu ni kipenyo cha wastani 33 × 3.14 × kimo 30, takriban sm za mraba 3,110. Kitako ni 14 × 14 × 3.14, takriban 616. Jumla 3,726. Unaposhona, kila mstari unapanda juu ya mwenzake milimita 3 hivi, kwa hiyo upana unaobaki kazini ni sm 2.2. Gawanya, unapata mita 17. Ongeza duru moja ya pindo, mita 18. Kwa wanaohesabu kwa pima, ni pima 10. Ukilijua hilo unaweza kuagiza chane (majani yaliyochanwa membamba tayari kusukwa) za kutosha mara moja, na hapo ndipo rangi inapookoka.

Kwa nini rangi? Kwa sababu chane zilizopikwa Jumatatu na zilizopikwa Alhamisi hazifanani hata kama pakiti ni ile ile. Pika rangi ya oda nzima kwa sufuria moja. Ukindu mkavu kilo 1, maji lita 15 hadi 20, rangi ya unga gramu 20 hadi 30, chumvi konzi moja. Yeyusha rangi kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto na uichuje kwa kitambaa, la sivyo vidonge vitaacha madoa. Chemsha nusu saa ukigeuza, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini. Andika uzito wa rangi daftarini, kwani oda ya pili ya mteja yule yule ndiyo yenye faida, na ndiyo itakayokuumbua.

Jaribio la rangi kuchuja: lowesha kitambaa cheupe, sugua sehemu moja mara 20. Kikitoka na rangi, rudi kwenye kusuuza. Bibi harusi wa Masaki mwenye gauni jeupe hatakuuliza ulisuuza mara ngapi. Na waridi na zambarau za unga hupauka upesi juani, mwambie mteja mapema.

Karibuni mnikosoe.

Chipukizi_Tanga

Shikamoo mkuu. Naomba kuuliza, ukindu na miyaa kuna tofauti kwa mnunuzi wa mtandaoni? Na vile vikapu vya Iringa vinaingia humu?

Ukili_na_Shazia

Marahaba. Tofauti ipo. Ukindu, majani ya mkindu, ni mwembamba, unang'aa na unashika rangi vizuri, ndio wa vikapu vya kupiga picha. Miyaa ni mirefu na migumu zaidi, inafaa mikeka, majamvi na makapu ya sokoni ya kubebea mizigo. Ukiandika "ukindu" kwenye tangazo ukatuma miyaa, anayejua atakurudishia.

Vya Iringa havisukwi kwa ukili. Ni milulu, mimea ya kwenye majimaji, na kikapu chake kinasimama kigumu. Hakikunjiki. Hiyo inabadilisha hesabu yote ya usafiri, nawaachia wenye fani.

Mzigo_Posta

Nimeitwa, nimekuja.

Kampuni za kusafirisha kwa haraka, kama DHL na FedEx, hazitazami mizani peke yake. Wanapima urefu × upana × kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000, wanalinganisha na kilo halisi, kisha wanachukua kilicho kikubwa. Kikapu cha mleta uzi kina kama gramu 900. Kiweke kimesimama kwenye boksi la 40 × 40 × 32: ni 51,200, gawanya kwa 5,000, kilo 10.24. Wakipandisha hadi nusu kilo inayofuata, unalipia kilo 10.5 kwa kitu cha gramu 900. Hapo ndipo watu wanasema "kutuma nje hakulipi".

Sasa kikunje. Kikapu cha ukindu laini kinalazwa: bonyeza mbavu mbili ziingie ndani, kitako kipinde kwa juu, mikono iingie tumboni. Kinakaa kwenye 45 × 35 × 8. Hiyo ni kilo 2.52, utalipia 3. Viwili zaidi juu yake, boksi likawa 45 × 35 × 15, ni kilo 4.7, utalipia 5. Vikapu vitatu kwa kilo tano. Kwa hiyo usipange bei ya usafiri ya kikapu kimoja ukaizidisha kwa tatu, utamfukuza mteja wa vitatu, naye ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Njia ya Posta ni nyingine. Kifurushi kidogo cha barua mwisho wake ni kilo 2, na urefu + upana + kimo visizidi sm 90, upande mrefu usizidi 60. Rudi kwenye kikapu kilichokunjwa: 45 + 35 + 8 = 88. Kinapita kwa sentimita mbili! Boksi la katoni nene tu linaweza kukutoa nje ya kipimo, kwa hiyo tumia karatasi ngumu ya kaki na mfuko imara juu yake. Kipeleke kwa rejesta upate namba ya kufuatilia: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ au KE mwishoni. Usitume bila rejesta hata mteja akikubali. Kisipofika atasahau kwamba alikubali.

Fomu ya forodha: hadi thamani ya SDR 300 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa) ni CN22, ikizidi ni CN23. Usiandike "zawadi" wakati umeuza, na usiandike "kazi za mikono" ukaishia hapo. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa ni kikapu, kimetengenezwa kwa majani makavu ya mkindu, kimesukwa kwa mkono, idadi, uzito, bei halisi, nchi kilikotoka. Vikapu vipo kwenye kifungu 4602 cha forodha, na vya majani ya namna hii ni 4602.19. Mikeka iko 4601. Namba hiyo ikikosekana, ofisa wa upande wa pili ataichagua yeye, na hachagui ya nafuu.

Vya milulu visivyokunjika, dawa yake ni kuuza seti. Vitatu vya ukubwa tofauti, kimoja ndani ya kingine, boksi la 40 × 40 × 35: kilo 11.2, unalipia 11.5. Kimoja peke yake kilikuwa 10.5. Yaani viwili vya ndani vinasafiri karibu bure. Msusi aambiwe tangu mwanzo kwamba cha kati mdomo wake upungue sm 4 na mikono isizidi mdomo wa kile cha nje, la sivyo havitaingiana.

Kiondo254

Naongeza ya upande huu wa Kenya. Kiondo cha katani kiko katikati: hakivunjiki kama milulu lakini ukikikunja vibaya kinabaki na kovu. Kilaze kwa mkunjo mmoja tu, na ndani ya mkunjo weka bomba la karatasi la unene wa kidole gumba ili pasipatikane pembe kali. Mshipi wa ngozi usikunjwe kabisa. Tumeni mishipi ikiwa haijafungwa, na skrubu zake za shaba kwenye kifuko, mteja akaze mwenyewe. Boksi linapungua na ngozi haipati mstari mweupe.

Malipo: wateja wa humu nchini wape namba ya Till, ile ya M-Pesa ya biashara, usiwape namba yako binafsi. Si kwa heshima tu, ni kwa sababu mauzo yanabaki peke yake na ukifika shilingi milioni moja kwa mwaka unaanza kuhusika na kodi ya mauzo ya 3%, hivyo hesabu iwe safi. Mnunuzi wa ng'ambo, PayPal imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, unatoa huko inaingia kwenye simu. Angalieni tu kiwango cha kubadilisha dola kabla ya kubonyeza, hapo ndipo wanapokula.

Na jameni, picha ya skrini ya ujumbe wa M-Pesa si malipo. Ujumbe wa uongo unaandikwa kwa dakika moja, una hadi nukta zinazokaa mahali pake. Fungua taarifa ya akaunti yako, uone pesa, ndipo boda aondoke.

Chipukizi_Tanga

Na kutuma mkoani kwa basi?

Mzigo_Posta

Salfeti nje, karatasi ndani. Jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito pande mbili, na tena kwenye karatasi ndani, maana lebo ya nje hubanduka. Piga picha risiti na namba ya gari, mtumie mteja kabla basi halijatoka. Mpangilie nani analipa nauli ya mzigo, "kikifika tutaongea" ndiyo inayozaa ugomvi stendi. Usikubali kikapu kiwekwe chini kwenye buti. Mwambie kondakta kabisa: juu ya mizigo, kisilaliwe na gunia la mchele.

Mwanga_wa_Dirisha

Picha. Nitasema yanayohusu kikapu tu, ya simu gani ni bora tafuteni kwingine.

Saa tatu hadi saa nne asubuhi, au saa kumi jioni, karibu na mlango uliofunguliwa lakini nje ya mwali wa jua. Jua la saa sita linaunguza rangi ya ukindu, msuko unaonekana tambarare. Mwanga uje ubavuni, usije mbele. Mwanga wa ubavuni ndio unaotupa kivuli kidogo kwenye kila chane, na hicho kivuli ndicho kinachomwambia mteja kwamba ni msuko, si chapa ya plastiki. Upande wa pili simamisha kadibodi jeupe, lirudishe mwanga.

Ondoeni khanga nyuma ya kikapu. Najua inapendeza. Lakini kamera ya simu inapiga hesabu ya rangi kutokana na kila kilichomo, na khanga nyekundu inageuza ukindu mweupe kuwa wa kijani. Shuka nyeupe iliyopigwa pasi au ukuta wa chokaa inatosha.

Zisipungue picha sita: mbele, ubavu, kitako, ndani, mahali mkono ulipofungwa kwa karibu sana, na kikapu kikiwa begani au mkononi mwa mtu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouza, kwa kuwa hakuna anayeweza kuona sentimita 38 kichwani. Ya kitako ndiyo inayopunguza maswali. Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono, wanashauri upande mfupi wa picha usipungue pikseli 2,000. Ukipitisha picha WhatsApp kabla ya kuipandisha inashushwa, kwa hiyo itume kama waraka. Kwa soko la hapa, katalogi ya WhatsApp Business inabeba bidhaa hadi 500, kila moja picha hadi 10, na ni bure. Watu wanaitumia nusu: wanaweka picha bila bei.

Machinga_Mtandao

Bei haiwekwi wazi mkuu, washindani wanaiba. "Bei inboksi" ndiyo biashara.

Ukili_na_Shazia

Ndugu yangu, mshindani anajua bei yako kuliko mkeo anavyoijua, anakuuliza kwa namba ya shemeji yake. Anayeshindwa kuiona ni mnunuzi aliyeshika simu saa nne usiku, anataka kikapu cha zawadi Jumamosi. Ukimjibu asubuhi ameshanunua kwingine. Weka bei, weka vipimo, weka siku za kutengeneza.

Nikuonyeshe hesabu, maana wengi wanaificha bei kwa sababu hawajui ilikotoka. Kile kikapu cha pima 10, tuseme msusi anasuka pima moja kwa saa: saa 10. Kushona saa 3, mikono na pindo saa 1. Saa 14, tuseme shilingi 1,500 za Tanzania kwa saa, ni 21,000. Chane na rangi 5,000. Mikono ya ngozi 7,000. Karatasi, lebo, mfuko 2,000. Jumla 35,000. Asilimia 5 ya vitakavyoharibika, 36,750. Faida asilimia 30, unafika karibu 48,000, na hiyo ndiyo bei yako ya jumla. Badilisha tarakimu ziwe za mahali pako, mpangilio ubaki.

Kosa ninaloliona kila siku ni kuichukua hiyo 48,000 kama rejareja. Siku duka la Stone Town linaomba vikapu 40 kwa bei ya jumla, huna pa kushukia, unawakata wasusi. Rejareja iwe 80,000 na kuendelea.

Machinga_Mtandao

Kikapu elfu themanini? Kariakoo utazikwa nacho.

Ukili_na_Shazia

Kariakoo usikipeleke. Kama wateja wako ni wa elfu thelathini, usipunguze ujira, punguza pima. Kitako sm 20, kimo 22, kipenyo cha wastani 24: ubavu 1,659, kitako 314, jumla 1,973, gawanya kwa 2.2, ni mita 9. Na pindo, mita 10, pima tano na nusu. Mikono ifanye ya ukili ule ule uliokunjwa mara mbili na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa, si ya ngozi. Saa saba na nusu, 11,250. Chane 3,000, ufungashaji 1,500. Ni 15,750, ukiongeza upotevu ni 16,500 hivi, ukiongeza faida bei ya jumla ni 21,500. Rejareja elfu 35 inakaa. Kikapu ni kizima, msusi amelipwa, na kikikunjwa kinaingia bahasha.

Oda ya rangi maalumu au jina la mtu, chukua kianzio nusu kabla ya kupika rangi. Kikapu kilichoandikwa "Mr & Mrs" hakina mnunuzi wa pili.

Ndege_wa_Ng'ambo

Nipo Hamburg, naomba niguse Etsy kwa kuwa kila mtu anaitaja kana kwamba ni peponi.

Kuorodhesha bidhaa moja ni dola 0.20, inakaa miezi minne, ikiuzwa inatozwa tena kwa kuorodheshwa upya. Kamisheni ni 6.5% tangu Aprili 2022. Watu wanasahau kwamba 6.5% inakatwa hata kwenye nauli uliyomtoza mteja. Kikapu dola 45, usafiri dola 30: wanakata kwenye 75, yaani dola 4.88, na kati ya hizo 1.95 ni za nauli ambayo si faida yako. Juu yake kuna ada ya kupokea malipo. Na mauzo yakitokana na matangazo yao ya nje ya mtandao, 15% kwa duka dogo. Hayo matangazo duka lililo chini ya dola 10,000 kwa mwaka linaweza kuyazima kwenye mipangilio, ila yakiachwa yalivyo huwa yamewashwa. Kazimeni siku ya kwanza.

Jina la bidhaa lina nafasi ya herufi 140, na maneno ya kutafutiwa ni 13, kila moja herufi 20. Yajazeni yote, kwa lugha ya mnunuzi. Mtu wa hapa hatafuti "ukili". Anatafuta kikapu cha soko, cha pwani, cha kufulia, cha kuwekea mmea. Kikapu kile kile, matumizi manne. "Ukili" liweke kwenye maelezo, pamoja na maana yake, hapo ndipo anapopenda.

Kabla ya yote someni orodha yao ya nchi zinazopokelewa kwenye mfumo wao wa malipo. Nchi yako isipokuwemo, msifungue duka kwa jina la binamu aliye Ulaya mkijidai mpo huko. Duka likifungwa, pesa zilizomo zinashikiliwa, na binamu ndiye mwenye jina. Njia safi ni yeye awe mnunuzi wa jumla kweli: anaingiza vikapu 50 kwa shehena moja, analipa forodha, anasajili biashara kwake, anauza kwa jina lake akieleza vimesukwa wapi na nani. Picha za wasusi ziwekwe kwa ridhaa yao, na wajue zinakwenda wapi.

Kodi za mpakani: Umoja wa Ulaya tangu 1 Julai 2021 kila kifurushi kinatozwa VAT, hata cha yuro tano. Mteja asipoambiwa mapema, anadaiwa mlangoni, anakataa, kikapu kinarudi au kinatupwa. Andikeni kwenye tangazo nani analipa.

Mwananyamala_Kijani

Mimi swali la ukungu. Vikapu vinafika na madoa meusi na harufu, wakati vilipoondoka vilikuwa safi.

Ukili_na_Shazia

Vilipoondoka vilikuwa na maji ndani, ila hayakuonekana. Mambo mawili yanafanya hivyo. La kwanza, chane zinaloweshwa ili zisukike, na kitako cha kikapu ndicho kinene na ndicho kinachokaa chini, kwa hiyo kinakauka mwisho. Mkono hauwezi kusema, mizani inasema. Pima kikapu kwa mizani ya jikoni, kianike kwenye upepo siku nzima kikiwa kimepinduliwa, pima tena. Kikapu cha gramu 600 kikishuka zaidi ya gramu 5 au 6, bado. Rudia mpaka uzito usimame.

La pili ni kukitoa juani kikiwa na joto na kukitia moja kwa moja kwenye nailoni. Hewa ya ndani inapoa, mvuke unageuka matone, na ndani ya siku kumi ukungu umeshaota. Kiache kipoe ndani usiku mmoja, kifunge kwa karatasi kwanza, weka vifuko viwili vya silika vya gramu 5, nailoni iwe ya nje kabisa. Masika, pale Dar au Unguja, usifunge siku ya mvua kama si lazima.

Ukungu ukishaota juu juu, brashi kavu nje ya nyumba, kisha kitambaa chenye siki nyeupe, kisha upepo. Madoa meusi yaliyoingia kwenye jani hayatoki, kiuze kwa bei ya chini ukilitaja doa au kitumie nyumbani.

Kiondo254

Na wadudu. Unga mwembamba chini ya kikapu maana yake kuna kinachotafuna. Dawa ya kunyunyiza inaacha harufu na mteja wa chakula hataipenda. Kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kigandishe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, kisha kiache kwenye mfuko ule ule mpaka kirudi kwenye joto la chumba. Ukifungua kikiwa baridi, matone yanakirudia, umetibu funza ukaleta ukungu.

Australia na New Zealand wanakagua vitu vya majani kwa ukali: mbegu moja, udongo kidogo kwenye kitako, au gamba la mdudu, mzigo unashikiliwa. Oda kubwa ya huko ulizieni cheti cha afya ya mimea, kwetu ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Msipambe kikapu kwa mbegu.

Chipukizi_Tanga

Nikiongeza vinyago vya mpingo kwenye duka lile lile?

Mzigo_Posta

Vina uzi wao. Kwa kifupi, mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2 Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena zimesamehewa kibali hicho, ila sheria za misitu za nchini zipo pale pale. Magamba ya kasa na pembe za ndovu usiziguse hata kama kipambo cha kifungo.

Fundi_Mikono

Sijaona mtu akitaja malalamiko namba moja: mkono kuchomoka. Ribiti moja iliyopigwa kwenye ukili mtupu inavuta chane mpaka zinapasuka, kwa sababu mzigo wote umekaa kwenye tundu moja. Weka kiraka cha ngozi ndani, sm 4 kwa 6, shona kiraka na mkono kwa pamoja kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, mishono minane hadi kumi, ishike safu mbili za ukili, si moja. Ribiti ije baadaye kama pambo na kinga.

Jaribu kimoja kwa kila kundi: mchanga kilo 8, kining'inie usiku na mchana. Kikishuka hata milimita chache mahali pa mshono, rudia kundi zima. Kisha kwenye tangazo andika kilo 5. Na ngozi ya bei poa inayonuka, iache kwenye upepo wiki mbili kabla ya kuishona. Ndani ya boksi lililofungwa harufu hiyo inahamia kwenye ukindu na haitoki tena.

Chipukizi_Tanga

Nina mtu Marekani anataka vitano. Nimtumie?

Mzigo_Posta

Usipokee pesa bado. Tangu 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 umeondolewa kule, na posta nyingi duniani zilisimamisha kwanza kupokea bidhaa za huko mpaka zipange namna ya ushuru kulipwa mapema. Nenda dirishani uulize leo wanapokea nini kwenda Marekani, ushuru unalipwa wapi, na uombe jibu la bei kwa vikapu vitano vilivyokunjwa, si kwa kilo tu. Ukipata, mpe mteja tarakimu mbili tofauti, bei ya vikapu na gharama ya kufikisha, akubali kwa maandishi.

Chipukizi_Tanga

Sawa mkuu, asante. La mwisho: vikifika vimekunjamana atajuaje vinanyooka?

Ukili_na_Shazia

Weka karatasi ya maelezo, ya juu kabisa, aione kabla ya kikapu. Akinyunyizie maji mepesi ndani na nje kwa chupa ya kupulizia, asikiloweshe. Akijaze karatasi au taulo mpaka kitako kikae sawa, avute pindo kwa mikono miwili liwe duara, akiache kivulini siku nzima kikiwa kimejazwa, kisha atoe na kukianika kwenye upepo. Chora picha nne za penseli za hatua hizo kwenye karatasi hiyo hiyo, atakayekipokea huenda hasomi lugha uliyoandika.

Na chora kikapu kilichokunjwa kando ya kilichonyooka, asije akadhani ndivyo kilivyo akakipiga picha ya malalamiko.